Maswali ya Wasomaji: Li Sao, Jina la Herufi Mbili na Maana Zisizopatana

Katika toleo lililopita tulilitaja kwa kifupi shairi refu la Kichina liitwalo Li Sao, linalohesabiwa kuwa la Qu Yuan, ofisa na mshairi wa Chu, dola ya kale ya kusini mwa China, aliyeishi takriban 340 hadi 278 KK. Jina lake tulilifasiri kwa maneno matatu, "kukutana na huzuni", tukaendelea na mengine. Barua zilizofuata karibu zote zimeuliza juu ya maneno hayo matatu. Tumechagua zile ambazo swali lake linabeba na maswali ya wengine.

Mlisema Li Sao ni kukutana na huzuni. Kitabu nilicho nacho kinasema ni huzuni ya kutengana. Nani amekosea?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Hakuna aliyekosea. Mwandishi wa kitabu chako amemfuata Wang Yi, sisi tulimfuata Ban Gu, na wanazuoni hao wawili wametofautiana tangu enzi ya Han (206 KK–220 BK).

Jina ni herufi mbili, 離騷. Ya pili, sao, wengi wanakubali kwamba inagusa huzuni au uchungu wa moyo, ingawa tutaona mbele kwamba nayo ina yake. Mvutano uko kwenye ya kwanza, li. Katika Kichina cha kale li ni kutengana, kuachana, kwenda mbali. Lakini ni pia kunaswa, kupatwa, kuangukiwa na jambo. Kwa maana hii ya pili wakati mwingine huandikwa kwa herufi nyingine yenye sauti ile ile, 罹.

Katika maandishi yaliyotufikia, wa kwanza kulieleza jina hili ni Sima Qian, mwanahistoria wa karne ya 2 na ya 1 KK, katika sura ya 84 ya kitabu chake cha historia, Shiji. Aliandika 離騷者，猶離憂也, yaani "li sao ni kama kusema li you". You ni huzuni. Kwa hiyo alieleza sao peke yake, na li akaiacha kama ilivyo. Sisi tumeachiwa mlango wazi, na wote waliofuata wamepitia hapo.

Ban Gu (32–92 BK) alisema li ni zao, kukutana na jambo baya, na sao ni huzuni: mshairi anatueleza kwamba amepatwa na huzuni. Wang Yi, ambaye katika karne ya 2 BK aliandika ufafanuzi kamili wa zamani zaidi tulio nao wa Chuci, diwani ya mashairi ya mtindo wa Chu ambamo Li Sao limo, alisema li ni bie, kuagana, na sao ni majonzi: mshairi amefukuzwa, ametengana na mfalme wake, na moyo unamuuma. Tafsiri nyingi za lugha za nje zinatokana na mmoja wa hawa wawili. David Hawkes, Mwingereza aliyetafsiri Chuci yote, alisimama upande wa Ban Gu.

Mwenye Kiswahili ataliona tatizo hili upesi akikitazama kitenzi kuondoka. Mtu akiondoka, amekwenda zake. Akiondokewa, amefiwa. Akiondokana na huzuni, ameipa huzuni mgongo. Mzizi ni mmoja, na kinachotenganisha safari, msiba na nafuu ni silabi za mwishoni. Sasa zifute silabi hizo, uandike mzizi peke yake, kisha uweke neno "huzuni" mbele yake. Hivyo ndivyo jina la Li Sao lilivyoandikwa. Maandishi ya Kichina cha kale hayaonyeshi minyambuliko ya kitenzi, wala hayana kihusishi cha lazima cha kufunga maneno mawili. Msomaji ndiye anayeongeza uhusiano, na kila zama zimeongeza wake.

Nafundisha fasihi sekondari. Wanafunzi wangu wataniuliza: je, shairi lenyewe halisemi? Nataka ushahidi wa ndani, si orodha ya majina ya wanazuoni.
*Mwalimu, Mombasa*

Lipo la kuwaonyesha, mwalimu, na darasa linaweza kulifanya lenyewe hata bila kujua Kichina, mradi wapewe mistari na maana ya kila herufi. Chukueni diwani ya Chuci, tafuteni mahali ambapo li imetumika, kisha msiitazame li. Tazameni neno linaloifuata.

Ndani ya Li Sao kuna mstari 進不入以離尤兮: "nilisonga mbele sikupokelewa, nikapata lawama". Hapo li inafuatwa na you, lawama (hii you si ile ya huzuni, ni herufi nyingine). Katika shairi la Jike wa Mlimani, Shan gui, ambalo ni mojawapo ya Nyimbo Tisa katika diwani hiyo hiyo, kuna 思公子兮徒離憂: "namwaza bwana yule, naambulia huzuni bure". Angalieni: li you hapa ni herufi zile zile mbili ambazo Sima Qian alizitumia kueleza jina la shairi letu. Katika Huai sha kuna 離慜而長鞠: "nimepatwa na majonzi, nimedhikika siku nyingi". Nje ya Chuci, katika Shijing, diwani ya mashairi iliyo ya kale zaidi, shairi la Tu yuan linasema 雉離于羅: ndege wa porini wa jamii ya kwale amenasa wavuni. Ndege hakutengana na wavu, ameingia. Beti hiyo hiyo inaendelea na ile herufi nyingine, 罹, ikizungumzia taabu mia zilizomkuta msemaji.

Umbo linajitokeza. Li ikifuatwa moja kwa moja na jina la jambo baya, yaani lawama, huzuni au majonzi, maana yake ni kupatwa. Hakuna anayesoma li you ya lawama kuwa "kutengana na lawama". Na li sao ina umbo hilo hilo: kitenzi, kisha jina la uchungu. Hii ndiyo sababu yetu kubwa ya kumfuata Ban Gu.

Li ya kutengana nayo imo ndani ya shairi, tena mara kadhaa, ila huja na wenzake wengine: libie, kuagana; lixin, mioyo iliyoachana; lihe, kuachana na kukusanyika. Mstari ambao wafuasi wa Wang Yi huupenda kuliko yote ni 余既不難夫離別兮，傷靈脩之數化. Maana yake: "kutengana si kugumu kwangu; kinachoniumiza ni kugeuka-geuka kwa Mtukufu", na Mtukufu ni mfalme. Usomeni polepole na wanafunzi. Mshairi anasema kutengana si kitu, kinachomchoma ni kigeugeu cha mtawala. Kuufanya mstari huu uthibitisho kwamba jina la shairi ni "huzuni ya kutengana" ni kumlisha mshairi neno alilolikataa. Upande wa pili hujibu kwamba aliyeumizwa ndivyo asemavyo, "mimi sijali", na huku machozi yanamlenga. Jibu hilo lina nguvu katika ushairi kuliko katika sarufi, na darasa lenu lina haki ya kulijadili.

Kuna kitu kingine kinachoning'inia hapa, nacho ni wakati. Sima Qian mwenyewe ametoa habari mbili. Katika wasifu wa Qu Yuan anasimulia kwamba ofisa mwenzake alimsingizia kwa Mfalme Huai (aliyetawala 328–299 KK), mfalme akakasirika akamweka mbali naye, ndipo shairi likatungwa. Lakini katika dibaji aliyoandika kuhusu kitabu chake, sura ya 130, na katika barua yake kwa rafiki yake Ren An, anasema Qu Yuan alitunga Li Sao baada ya kufukuzwa. Kuwekwa mbali na mfalme ukiwa bado mjini, na kufukuzwa nchi ya mbali, ni mambo mawili. Kadiri unavyoamini habari ya pili ndivyo "kutengana" kunavyopata mwili. Ukiamini ya kwanza, Wang Yi anabaki na kutengana kwa mioyo tu. Kwa hiyo msiwaache wanafunzi waamue maana ya jina kwanza kisha waitumie kuthibitisha shairi lilitungwa lini, halafu tarehe hiyo waitumie kuthibitisha maana ya jina. Wanazuoni wakubwa wameuzunguka mduara huo.

Na udhaifu wa upande wetu tuuseme. Umbo la "li na jina la uchungu" linasimama ikiwa sao kweli ni jina la uchungu. Mahali ambapo sao inasimama wazi kama nomino ya huzuni ni pachache mno, na sehemu kubwa ya ushahidi ni maelezo ya jina hili hili.

Programu ya kamusi kwenye simu inanionyesha kuwa sao imeundwa na farasi na kiroboto. Kwa hiyo jina ni farasi anayesumbuliwa na viroboto?
*Msomaji, Nairobi*

Hapana, na ni kosa linalowapata wengi wanaojifunza herufi. Kweli 騷 ina farasi, 馬, kushoto, na kulia ina 蚤, herufi ya kiroboto. Lakini herufi nyingi za Kichina zimejengwa kwa upande mmoja unaodokeza maana na upande mwingine unaotoa sauti. Kiroboto hapa ametoa sauti tu. Kamusi ya Shuowen ya Xu Shen, ya mwaka 100 BK hivi, inaieleza sao kwa neno rao, kuvuruga, kutibua.

Maana hiyo ya kutibuka ndiyo yenye faida kwako. Katika Shijing, shairi la Chang wu linaitumia sao kwa nchi ya Xu iliyoingiwa na tafrani jeshi lilipofika. Mfafanuzi Yan Shigu (581–645 BK), alipoeleza jina la shairi letu, alisema huzuni inayotikisika ndiyo iitwayo sao. Basi si huzuni iliyokaa kimya kitako. Ni ile inayomfanya mtu ashindwe kutulia, atoke, arudi, asimame dirishani.

Jihadhari na Kichina cha leo. Sao ya siku hizi imo katika neno la kusumbua watu, na peke yake inaweza kuwa tusi la uasherati. Ukiiweka herufi hizi mbili kwenye mtambo wa tafsiri ukapata kitu kama "kuacha usumbufu", umesoma Kichina cha sasa, si cha Chu.

Nasoma Wuhan. Mwenzangu Mchina ameniambia Li Sao ni sawa na laosao, manung'uniko ya kawaida. Ni kweli au ananitania?
*Mwanafunzi, Wuhan*

Hakutanii. Ametaja kwa ufupi hoja iliyojengwa kwa karne nyingi, na yenye vipande ambavyo havina uzito sawa.

Kipande cha kwanza ni cha kale na ni kizuri. Katika Guoyu, kitabu cha habari na hotuba za dola za kale, kwenye sehemu ya Chu, ofisa Wu Ju anamkanya Mfalme Ling (aliyetawala 540–529 KK) kuhusu jumba la fahari la Zhanghua. Anamwambia kwamba wema na haki visipotendwa, walio karibu hu-sao li, na walio mbali hupinga. Maneno ni yale yale mawili, yamegeuzwa mpangilio, katika kinywa cha mtu wa Chu, karibu miaka 200 kabla ya Qu Yuan. Mfafanuzi wa Guoyu, Wei Zhao (204–273 BK), aliyaeleza hivi: sao ni majonzi, li ni kuasi au kujitenga na bwana. Wang Yinglin wa enzi ya Song (1223–1296) akasema waziwazi: sao li ya Wu Ju na li sao ya Qu Yuan ni lugha ya Chu, zote mbili. Akaongeza kwamba mshairi Yang Xiong (53 KK–18 BK) alitunga mfululizo wa kumwiga Qu Yuan akauita Pan lao chou, na pan ni kuasi, chou ni majonzi, sawasawa na maelezo ya Wei Zhao.

Hapa pana fundisho: Wang Yi na Ban Gu walikuja baadaye, na waliyasoma maneno haya kwa Kichina cha dola ya Han, ilhali huenda yalikuwa neno moja la kusini. Kisichofuata kutoka hapo ni kwamba neno hilo ni "kuasi". Katika Guoyu vyote viwili ni vitenzi, watu wanahuzunika na wanajitenga. Mshairi wa Li Sao anahuzunika tangu mwanzo, ila kujitenga ndilo jambo linalomshinda karibu shairi zima.

Kipande cha pili ni cha sauti. Kinasema li sao ni namna nyingine ya kutamka lao chou, majonzi ya kunung'unika, na ndiyo laosao, 牢騷, ya mwenzako. You Guoen (1899–1978), mmoja wa wataalamu wakubwa wa Chuci katika karne ya 20, aliongeza ushahidi mwingine: katika shairi la Da zhao la diwani hiyo hiyo kunatajwa wimbo wa Chu uitwao Lao shang, 勞商, na Wang Yi anaeleza kuwa hilo ni jina la wimbo. Kwa You Guoen, Li sao na Lao shang ni jina moja lililoandikwa kwa herufi tofauti. Shairi lingekuwa limepewa jina la lahani yake, na maana ya li na sao mojamoja isingekuwa na kazi.

Hoja ya namna hii hupimwa kwa mambo mawili: konsonanti ya mwanzo wa silabi na kundi la vina. Wataalamu wa sauti za Kichina cha kale wameyapanga maneno katika makundi kwa kutazama yaliyopewa kina kimoja katika Shijing na Chuci. Li na lao zinaanza kwa konsonanti moja, kwa hiyo mguu mmoja wa hoja umesimama. Lakini li iko kundi la ge (歌), lao ya Lao shang iko kundi la xiao (宵), na lao ya lao chou iko kundi la you (幽). Sao na chou ziko pamoja katika kundi la you, na hilo linamsaidia mwenzako. Sao na shang zimeachana kabisa: shang iko kundi la yang (陽), ambalo silabi zake zinaishia kwa sauti ya ng'.

Kwa hiyo lao chou inabaki kuwa jambo linalowezekana, na Lao shang inakuwa dhaifu, tena ni jina tu katika orodha ya miziki, bila mstari mmoja wa maneno yake kutufikia. Watu wengi hushawishika kwa sababu wanapima kwa matamshi ya Beijing ya leo, ambamo lisao na laosao zinasikika kama ndugu. Sikio la leo si shahidi wa mambo ya Chu.

Ukirudi kwa mwenzako, mwulize pia: kama lao chou ni li sao, ile pan ya Yang Xiong inafanya nini mbele yake? Wang Yinglin anaihitaji pan iwe tafsiri ya li. Wa lao chou wanahitaji lao ndiyo iwe li. Haziwezi kuwa zote.

Je, inawezekana mshairi alikuwa anaaga huzuni yenyewe, si mtu wala mji?
*Msomaji, Lubumbashi*

Inawezekana, na aliyelisema kwa nguvu kuliko wote ni Qian Zhongshu (1910–1998), katika kitabu chake Guanzhui bian kilichotoka 1979. Kwake li ni kutengana, kama kwa Wang Yi, ila kinachoachwa ni huzuni. Alitoa mfano wa majina ya watu wa kale: jenerali Huo Qubing wa enzi ya Han, ambaye jina lake linasema "ondosha ugonjwa", na mshairi Xin Qiji wa Song, ambaye jina lake ni "tupa maradhi". Akataja pia majina ya maandishi, kama lile la Han Yu (768–824) la kuusindikiza ufukara uende zake. Alisisitiza kwamba si huzuni iliyozaliwa na kuagana, bali ni kuiaga huzuni.

Lisome shairi ukiwa na wazo hilo. Mshairi anapaa na majoka, anamsihi Xihe, dereva wa jua, apunguze mwendo, anawatafuta wachumba wa mbinguni akawakosa mmoja baada ya mwingine, anakwenda kwa mpiga ramli Lingfen ambaye anamwambia aende mbali. Anaondoka kwa msafara wa fahari. Kisha akiwa juu kwenye mwanga, jicho linateleza chini linaiona nchi ya kwao. Mwendesha gari anahuzunika, farasi wanajikunja, wanageuza shingo nyuma, hawaendi. Mtu aliyetaka kuondokana na huzuni amerudishwa nayo mlangoni. Hakuna maana nyingine ya jina inayolishika tendo zima la shairi namna hii.

Hata hivyo tunaitofautisha na maana ambayo maneno yenyewe yanaunga mkono. Hakuna mfafanuzi wa Han aliyeisikia hivyo, na tumeona kwamba li mbele ya jambo baya katika Chuci ni kupatwa. Majina aliyoyataja Qian yana vitenzi vingine, qu na qi, visivyo na utata wa li. Tunaithamini kama usomaji wa shairi. Kama maelezo ya jina, ushahidi wake ni mwembamba.

Wapo wanaoandika Li Sao Jing. Hiyo jing ni nini, na jina alilitoa Qu Yuan mwenyewe?
*Msomaji, Zanzibar*

Jing ni neno la vitabu vya msingi vinavyoheshimiwa, kama Shijing. Wang Yi alilikuta jina likiwa na jing, akalieleza kwa neno jing jingine, njia: mshairi anahuzunika lakini anaifuata njia ya haki ili amwonye mfalme. Mfafanuzi Hong Xingzu (1090–1155) alilikata hilo kwa sababu ya wazi: watu wa kale walipoinukuu Li Sao hawakutaja jing, waliokuja baadaye ndio walioiongeza kwa heshima. Tunakubaliana naye. Usiiweke.

Kuhusu aliyelitoa jina, tunaweza kusema lilikuwepo mapema katika enzi ya Han. Mwaka 139 KK, Liu An, mtawala wa Huainan, aliagizwa na Mfalme Wu aandike juu ya Li Sao, na habari zinasema alipokea amri alfajiri akakabidhi kazi wakati wa chakula cha asubuhi. Nakala ya zamani zaidi ya shairi ni ya kabla ya hapo: kipande cha mwanzi kutoka Fuyang, kwenye kaburi la mtu aliyefariki 165 KK, lililochimbuliwa 1977. Kina herufi 4 tu, za mstari ambao mshairi anataja siku aliyozaliwa. Jina la shairi halimo.

Ninatafsiri beti kadhaa za Li Sao kwa ajili ya gazeti la shule. Niliite nini kwa Kiswahili?
*Msomaji, Arusha*

Juu weka "Li Sao", chini yake tafsiri. Usitoe jina la Kichina, maana hakuna tafsiri itakayobeba yote yaliyosemwa hapo juu.

Kwanza amua ni maana ya nani unaifuata, kisha uishike hadi mwisho. Kosa tunaloliona katika tafsiri ni jina kufuata Wang Yi huku li you ndani ya mistari ikitafsiriwa kama Ban Gu, bila neno la maelezo. Kama unatafsiri kupitia Kiingereza au Kifaransa, uamuzi huo umekwishafanywa na mwenzako. Tafuta alimfuata nani.

Ukimfuata Ban Gu, acha "kukutana na", hata kama sisi ndio tulioiandika. Kwa Kiswahili mtu hukutana na rafiki njiani. Jambo baya humfika mtu, humpata, humkumba. "Kufikwa na" ina utulivu wa ushairi, "kukumbwa na" ina kishindo cha habari ya ajali. Kwa sao, "huzuni" ni salama lakini imetulia mno, na "jitimai" imetulia zaidi. "Fadhaa" inatikisika ila ni ya muda mfupi. "Mahangaiko" ina huzuni na ina mwendo, nalo shairi ni safari tupu. Pendekezo letu ni "Li Sao: Kufikwa na Mahangaiko".

Ukimfuata Wang Yi, andika "Majonzi ya Kutengana". Ukimfuata Qian Zhongshu, Kiswahili kimekupa zawadi: "Kuondokana na Huzuni". Epuka "Maombolezo", kwa kuwa msomaji atatafuta aliyekufa. Epuka pia kuliita utenzi. Utenzi una vipande vinne na mizani minane, na msomaji ataidai. Li Sao lina mistari 370 na kidogo, inayokwenda miwilimiwili, wa kwanza ukimalizia kwa xi, sauti ya kuvuta pumzi isiyo na maana ya kutafsiriwa.

Nikilitafuta mtandaoni naandikaje, na natamkaje?
*Msomaji, Muscat*

Andika 離騷 kwa herufi za kale, 离骚 kwa zilizorahisishwa; jaribu zote mbili, matokeo hutofautiana. Kwa herufi za Kilatini utakuta Li Sao, Li sao na Lisao. Li inapanda sauti kama mtu anayeuliza, sao inakaa juu bila kushuka, na "ao" hutamkwa kwa pumzi moja. Ukikuta nukuu ya zamani ikisema "Li Sao inasema" na mstari huuoni ndani ya shairi, utafute katika mashairi mengine ya Chuci: jina hili lilitumika pia kwa diwani nzima, na katika mkusanyo wa Wenxuan wa karne ya 6 neno sao ni jina la fungu zima la mashairi ya aina hiyo.